Kila mteja anayekuja kununua nyumba ya marehemu baba namfukuza

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, nimeolewa na nina watoto watatu. Nakuandikia kwa sababu sijielewi tena, na watu wa nyumbani nao wameanza kunichoka.

Baba yetu alifariki mwaka 2019. Aliacha mjane, yaani mama yetu, na watoto watano: wanaume wawili, wanawake watatu. Mimi ndiye mkubwa. Aliacha pia nyumba moja Magomeni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, na uani kuna jiko, choo, bafu na vyumba viwili vya wapangaji. Alihamia hapo mwaka 1978 mimi nikiwa mchanga, akaimalizia kidogo kidogo kwa mshahara wa bandarini. Wadogo zangu wote wamezaliwa hapo.

Ukoo ulikaa kikao ukanipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi, na mwaka 2020 Mahakama ya Mwanzo ikaniteua. Aliyesema nyumba iuzwe ni mama mwenyewe. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua na choo kiko uani. Masika yakianza uani panajaa maji, tunampangia matofali akanyage mpaka afike. Anataka nyumba ndogo Kibaha karibu na mdogo wake, yenye choo cha ndani. Tulikubaliana sote kwamba nyumba ikiuzwa mama anunuliwe yake kwanza, kinachobaki kigawanywe kwa sheria ya dini. Tukaandika, tukasaini, tukala wali, hakuna aliyenuna.

Shida imeanza na wateja. Wa kwanza alikuja mwaka jana akasema ana milioni 200. Tulishapanga tuanzie 220 na tukibanwa tushuke hadi 210. Mimi nikamwambia ni milioni 260. Sijui nilizitoa wapi, zilinitoka tu mdomoni. Akaaga, hakuonekana tena.

Wa pili alikuja na fundi wake. Wameingia na futi, wakapima kuanzia barazani mpaka uani, mama amekaa kwenye mkeka na hakuna aliyempa hata salamu. Sasa, kuna mlango wa stoo ambao kwa nyuma baba aliandika kwa penseli hesabu zake za ujenzi: mifuko ya saruji, bei, jina la fundi, siku waliyopiga bati. Yule fundi akaegemea palepale, akamwambia tajiri yake, "Bosi, hapa hamna nyumba. Hii yote inashuka. Kijiko siku mbili kimemaliza." Nikawaambia nyumba haiuzwi, watoke. Nilipiga kelele hadi wapangaji wakatoka nje. Mama hakusema neno, alinitazama tu.

Wa tatu amekuja mwezi uliopita. Huyu ni mstaarabu, na anatoa milioni 240, zaidi ya tulichopanga. Nilimuuliza atafanya nini na nyumba, akasema kwa ukweli kwamba atajenga ghorofa, chini maduka. Nikamwambia bei ni 280. Dalali alishika kichwa. Mteja amenipa hadi mwisho wa mwezi nifikirie.

Mdogo wangu wa kiume aliyeko Mwanza ameandika kwenye grupu la WhatsApp la familia kwamba "dada ana lake jambo," kwamba naitaka nyumba mwenyewe na ninakula kodi ya wapangaji. Wallahi kodi yote anapewa mama mkononi. Mume wangu anasema nimuuzie mtu yaishe, ni nyumba tu. Lakini nikitoka kazini najikuta nimepanda gari la Magomeni badala ya Tabata ninakoishi, hata siku ambazo mama yuko Kibaha. Nakaa barazani mpaka magharibi. Uani kuna mwembe dodo alioupanda baba, naye huyu mteja ataung'oa.

Naomba unijibu mambo matatu. Je, nina ugonjwa? Naweza kumwekea mnunuzi sharti asiivunje nyumba? Au niahirishe yote mpaka moyo utulie?

Binti wa Mzee, Tabata

Majibu

Marahaba mwanangu, na poleni na msiba, maana ninavyoisoma barua yako msiba kwako bado haujaisha.

Wewe ni mwalimu, basi tuanze na hesabu. Tuseme nyumba imeuzwa milioni 240 na ya mama huko Kibaha mmeipata kwa milioni 40. Zimebaki 200. Kwa mirathi ya Kiislamu, mjane aliyeachwa na watoto anapata sehemu moja ya nane, kinachobaki kinakwenda kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Kwa familia yenu inakuja vizuri kabisa: gawa kwa nane, mama moja, ninyi mabinti watatu moja moja, kaka zako wawili mbili mbili. Fungu lako ni milioni 25. Sasa weka hiyo bei yako ya 280. Fungu lako linakuwa milioni 30. Kwa hiyo unamkataa mnunuzi mwenye pesa mkononi, unaingia vitani na mdogo wako na kumwacha mama akikanyaga matofali masika mengine, kwa milioni 5 ambazo wala hujaniandikia kwamba unazihitaji.

Hapo ndipo ninapopata jibu la swali lako la kwanza. Mwenye tamaa angeshachukua zile 240 akaondoka. Wewe hukuwa ukitafuta bei, ulikuwa ukitafuta mteja ashindwe. Bei umeigeuza komeo: kila mtu akisukuma mlango, unaliteremsha kidogo zaidi. Wa kwanza ulimwongezea milioni 40 juu ya bei mliyopanga, wa tatu umemwongezea 40 juu ya bei aliyotaja mwenyewe. Hata angekuja wa nne na 300 ungepata la kumwambia.

Huo si ugonjwa. Mwaka 1990 wataalamu watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Nusu ya darasa waligawiwa vikombe vya kawaida, nusu nyingine hawakupewa. Kisha wakaambiwa wauziane. Waliokuwa na kikombe walitaka bei karibu mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kutoa, wakati kikombe ni kilekile na kipo dukani. Na hao walikuwa wamekishika kwa muda mfupi tu! Wewe nyumba hiyo umeijua kwa miaka 46, ukaoga kwenye bafu lake, ukaolewa kutoka kwenye ukumbi wake. Ingekuwa ajabu kama usingeipandisha bei. Ila mnunuzi hakuoga humo, na hawezi kukulipa kwa hilo.

Tena kwa Magomeni kuna jambo jingine ambalo madalali wanalijua na sisi watoto wa nyumba hatupendi kulisikia. Anayekuja na mamilioni hayo hanunui vyumba sita vya baba. Ananunua kiwanja karibu na Barabara ya Morogoro na kituo cha mwendokasi. Yule fundi asiye na adabu alisema kweli ya biashara yake kwa mdomo mchafu: kwa tajiri wake hapakuwa na nyumba. Ndiyo maana neno lile lilikuchoma kuliko kuambiwa bei ndogo. Kota za zamani za Magomeni zilivunjwa zote, leo pamesimama maghorofa. Ndiyo, Magomeni tuna nyumba iliyohifadhiwa ikawa makumbusho, ile aliyoishi Mwalimu Nyerere. Ya mzee wako, pamoja na heshima zake zote, haitakuwa ya pili.

Naomba nikuulize jambo ambalo hukuliandika. Baba alipofariki, wewe ulifanya nini? Nitakisia. Mtoto mkubwa, wa kike, mwalimu anayejua kuandika na kuhesabu: ulishika daftari la rambirambi, ukahesabu masufuria, ukatafuta sahani za kukodi, ukawapangia wageni wa bara pa kulala, ukafuatilia cheti cha kifo RITA, ukaitisha kikao, ukaenda mahakamani. Mama yako alikaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba hiyohiyo. Dini ilimpa muda na mahali pa kuomboleza, watu wakawa wanakuja kumkalia. Kila asubuhi alifungua macho akaona upande wa kitanda ambao haumo mtu, mpaka akazoea. Alipotoka eda alikuwa ameshaagana na mumewe. Wewe ulipewa siku za matanga, nazo ulizimalizia jikoni, kisha ukarudi shuleni kusahihisha madaftari.

Ndiyo maana mama anaweza kuiuza na wewe huwezi. Usimwone kuwa hana uchungu. Ile siku alipokutazama bila kusema, mimi sidhani alikuwa amekasirika. Amekaa humo miaka arobaini na zaidi, anakijua kila chumba kinavuja wapi, na ameamua. Muulize. Si mbele ya wadogo zako, wala kwa simu. Nenda siku ya mapumziko, mkae wawili, umwambie waziwazi: "Mama, mimi nashindwa kuiachia." Nadhani hujawahi kumwambia sentensi hiyo. Umemwambia dalali kwa lugha ya milioni.

Na mumeo naye umwambie hivyohivyo. Hili la "ni nyumba tu" wanaume wengi hulisema wakidhani wanafariji, kumbe wanakufungia mlango wa kutoa machozi. Mwambie hutaki ushauri, unataka akusindikize Magomeni jioni moja akae nawe barazani.

Sasa nije kwenye upande mkali kidogo, uniwie radhi. Nyumba hiyo si yako kuizuia. Msimamizi wa mirathi amekabidhiwa mali ya wenzake aikusanye, alipe madeni, agawe. Sheria inamtaka awasilishe mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, au muda zaidi kama mahakama itauongeza. Wewe umeteuliwa mwaka 2020. Kama hukurudi mahakamani kueleza mlikofika, nenda wiki hii uombe muda, kwa sababu mrithi yeyote asiyeridhika anaweza kuiomba mahakama ikuondoe. Mdogo wako wa Mwanza hajafika huko, bado anaandika kwenye grupu. Akifika, mtakutana mbele ya hakimu watoto wa tumbo moja, na hiyo ndiyo aibu ambayo baba asingeitaka, si kuvunjwa kwa kuta.

Huyo kaka usimjibu kwenye grupu. Grupu lina mashangazi, wajomba na mawifi, na kila neno lako litasomwa na watu ambao hawarithi hata kijiko. Mpigie. Anza na kodi ya wapangaji: mwambie mama ndiye anayepokea, aulizwe mwenyewe. Kisha mweleze ulichoniandikia mimi, hata ile habari ya kushuka Magomeni badala ya Tabata. Yeye kutoka Mwanza anaona dada anayepandisha bei bila kuuliza mtu. Ningekuwa yeye na mimi ningesema una lako jambo. Na kweli unalo, ila si lile analolidhani.

Kuna mlango mmoja ambao lazima uufikirie kwa dhati kabla ya mwisho wa mwezi. Je, unaitaka nyumba? Kama wewe na mumeo, au wewe na ndugu mwingine, mnaweza kununua mafungu ya wenzenu, lisemwe hadharani kwenye kikao. Lakini wewe ni msimamizi, na msimamizi anayejiuzia mali ya marehemu ananuka hata akiwa msafi. Kwa hiyo bei isitoke kwako. Itoke kwa mthamini aliyesajiliwa, warithi wote wakubali kwa maandishi mbele ya wakili, na ndugu wasimamie malipo. Bei ni ileile ambayo mgeni angelipa, na mama anatakiwa apate nyumba yake kwa wakati uleule. Ukipiga hesabu ukaona huna pesa hizo wala benki haitakupa, basi umejijibu, na hapo uache kuizuia kwa wengine. Kuahirisha mpaka moyo utulie, ambalo ndilo swali lako la tatu, silikubali. Moyo hautatulia kwa kukaa barazani kila jioni ukiilinda nyumba isiende.

Swali la sharti. Unaweza kuandika chochote kwenye mkataba kama mnunuzi atakubali, lakini huyu ametaja ghorofa mwenyewe. Ukimwekea sharti asivunje, ataondoka au atashusha bei kiasi cha kuwaumiza wadogo zako. Na hata akisaini, miaka mitano baadaye utafanya nini, uende kumshitaki kwa sababu ya ukumbi? Omba kinachowezekana. Anayevunja huwa hana haja na milango. Mbao, bati, fremu na nondo mara nyingi mafundi huvitoa wakauza kama vitu vilivyotumika. Basi mkataba useme kwamba kabla ya kukabidhi nyumba, familia itaondoa vitu fulani, na vitajwe kimoja kimoja: mlango wa stoo, mlango mkubwa wa mbele kama ni mninga, kitasa, kibao cha namba ya nyumba. Mnunuzi mstaarabu kama ulivyomweleza hatabishana juu ya hilo.

Mlango wa stoo uuzungumzie kwanza kabisa. Penseli ile haitavumilia mvua wala kusuguliwa, kwa hiyo piga picha leo, kwa mwanga wa mchana, karibu karibu, mstari kwa mstari, uwatumie wadogo zako wote. Nina hakika kuna mmoja wao ambaye hajawahi kuusoma mlango huo. Hilo liandike kwenye grupu.

Na mwembe nao una njia. Ukipanda kokwa la dodo unaweza kupata embe tofauti na la mzee. Ukitaka lilelile, tafuta mtu wa bustani anayejua kubebesha, achukue vikonyo kwenye mti wenu aviunge kwenye miche. Watoto watano, miche mitano, na wa sita uende Kibaha. Fanya mapema kabla ya makabidhiano, kwa sababu si kila kikonyo kinashika.

Haya, mteja. Mwisho wa mwezi hauko mbali, na milioni 240 kwa familia iliyokuwa tayari kupokea 210 ni riziki. Mpigie dalali umwambie ile 280 imeondolewa na familia itatoa jibu baada ya kikao. Kisha fanyeni kikao hata kwa simu, waandike bei ya mwisho ambayo hairuhusiwi kushuka wala kupanda bila wote kukubali. Kama mna wasiwasi kwamba 240 ni ndogo, mwiteni mthamini. Hakukulia humo, hatalia humo, atawaambia kiwanja kina thamani gani.

Na wewe ujitoe kwenye kukutana na wateja. Usimamizi ubaki kwako, saini ni yako, lakini mdogo wako mmojawapo, yule mwenye moyo mkavu (kila familia inaye), ndiye asimame na mnunuzi, apokee maneno ya bati kuchoka na ukuta kuota fangasi. Nusu ya maneno hayo ni mbinu ya kushusha bei tu, hayana uhusiano na mzee wenu, ila sikio la mtoto mkubwa linayasikia kama matusi kaburini. Mwambieni dalali sharti moja la nyumba: atakayeingia amsalimie bibi kwanza, futi baadaye.

Ya ofisini nayataja kwa ufupi, wakili atawaeleza zaidi. Kama hati bado ina jina la marehemu, umiliki huhamishiwa kwanza kwako kama msimamizi, ndipo unapoweza kumhamishia mnunuzi. Angalieni kodi ya pango la ardhi kama kuna deni. Watu wengi wanadhani kwa kuwa kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021 basi wamemaliza, kumbe pango la ardhi ni jingine. TRA wana kodi yao ya ongezeko la mtaji kwa muuzaji, ijulikane kabla ya kugawana. Udalali ukubaliwe kwa maandishi, ni asilimia ngapi na nani analipa. Wapangaji wapewe notisi ya maandishi mapema, nao ni watu na wana vyombo. Na pesa ipite benki. Usikubali begi, hata lije na mtu mnyoofu namna gani.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni Kibaha. Huko utakuwa upande wa pili, mnunuzi, na nakuona unavyoweza kwenda. Ukishaiuza ya Magomeni utakuwa na majuto, utataka mama afurahi haraka, dalali wa huko atakuonyesha nyumba yenye vigae vinavyong'aa na dari ya jipsamu, utatoa kishika uchumba papo hapo kabla hujauliza kiwanja ni cha nani. Nimesoma barua nyingi za watu waliopenda kwa macho wakanunua kiwanja kilichouzwa mara mbili. Usitoe shilingi kabla wakili hajafanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, na kama hakuna hati, kabla hamjakaa na majirani wa pande zote nne na serikali ya mtaa. Kama muuzaji ana mke au mume, mwenza naye asaini, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nendeni mkaione siku ya mvua. Mmemtoa mama kwenye uani unaojaa maji, msimpeleke kwenye mwingine.

Tena mchukueni mwenyewe akaione kabla hamjataja bei. Atembee kwa magoti yake hayohayo kutoka chumbani mpaka chooni, afungue bomba, aone kama maji yanatoka, ajue msikiti uko mbali kiasi gani na mdogo wake anaishi mtaa wa ngapi. Kama kuna ngazi mlangoni, muuzaji apunguze bei ya fundi wa kuziondoa na kuweka mteremko. Mama akisema haitaki, msimshawishi, tafuteni nyingine.